Hizi Namba Tunazoziita Tasa

Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwenda Njombe hana budi kupita Makambako. Hapo ndipo barabara ya Njombe na Songea inapoachana na barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia, na hapo hapo pana stesheni ya reli ya TAZARA. Kwa hiyo Makambako ni mji wa kusubiri. Abiria wanasubiri mabasi, malori yanasubiri mizigo, na wachuuzi wanawasubiri hao wanaosubiri. Asubuhi moja ya mwezi Juni, baridi ikiuma masikio, nami nilikuwa pale nasubiri gari la Njombe, nikienda kumjulia hali shangazi yangu.

Kando ya stendi alikuwepo mama mtu mzima, kajitanda kitenge juu ya sweta, anauza viazi mviringo kwa mafungu. Alikuwa na mjukuu wake, mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekuja likizo. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, akaendelea na kazi yake. Alikuwa amebakiwa na viazi vichache chini ya ndoo, naye alitaka avipange mafungu yaliyo sawa, maana mteja wa siku hizi anahesabu kabla ya kulipa.

Akapanga vitatu vitatu. Yakapatikana mafungu 10, kimoja kikabaki. Akavichanganya, akapanga vitano vitano. Mafungu sita, kimoja kikabaki. Akajaribu viwili viwili. Mafungu 15, na kimoja kikabaki vilevile.

"Bibi, utahangaika bure," mjukuu akasema. "Viazi vyenyewe 31. Hiyo ni namba tasa."

Yule mama akainua uso. "Nani tasa? Viazi vyangu havijapata kuwa tasa, mjukuu wangu. Kila kimoja kina macho. Hiki kinachobaki nakifukia, na msimu ujao kinazaa."

Tuliokuwa karibu tukacheka. Lakini nilipokwisha kuingia garini na kuanza safari ya kilometa zipatazo 60 za kwenda Njombe, neno lile likawa linanirudia. Tasa. Nitaeleza baadaye kwa nini lilinichoma. Kwanza naomba nizungumze juu ya namba zenyewe, ingawa nilichosomea ni stashahada ya uandishi wa habari na wala si hisabati. Najua wapo watakaosema mtangazaji huyu ameishiwa mada. Nawaomba subira.

Namba tasa ni namba ambayo huwezi kuipanga mafungu yaliyo sawa, isipokuwa fungu moja kubwa au kimoja kimoja. Viazi 12 unaweza kuvipanga vitatu vitatu, vinne vinne, au sita sita. Viazi 13 hupangi. Ndivyo ilivyo kwa 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19 na kuendelea. Walimu wetu walituambia kwamba zinaitwa tasa, tukaandika, tukafuta ubao, tukaenda kucheza mpira.

Lakini hebu tuchukue namba nyingine yoyote tuichambue. Reli ya TAZARA ina urefu wa kilometa 1,860. Namba hiyo tuigawe mpaka isigawanyike tena. Tutapata 2 mara 2 mara 3 mara 5 mara 31. Zote hizo ni tasa, na mojawapo ni ile idadi ya viazi vya Makambako. Ukiichambua tena kesho kwa njia nyingine utafika kwenye ukoo uleule. Ndivyo ilivyo kwa kila namba kuanzia mbili kwenda juu: ama ni tasa yenyewe, ama imetokana na namba tasa zilizozidishana, na ukoo wake ni mmoja tu.

Sasa tujiulize, ndugu msikilizaji. Ikiwa namba zote nyingine zimezaliwa na hizi, ni kwa haki gani tunaziita tasa? Kwa hakika hizi hazikuzaliwa na namba nyingine, lakini ndizo zinazozaa. Tumempa mama wa ukoo mzima jina la mwanamke asiye na mtoto.

Habari za namba hizi huenda zinaanzia jirani kabisa na sisi. Mwaka 1950 mtaalamu wa miamba wa Kibelgiji, Jean de Heinzelin, alichimbua mahali paitwapo Ishango, mashariki ya Kongo, pale Mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward. Alipata mfupa mdogo, urefu wake kama sentimeta 10, wenye kipande cha jiwe jeupe kilichochomekwa nchani. Umri wake unakadiriwa kuwa kiasi cha miaka 20,000. Ubavuni una mistari iliyochanjwa, imepangwa safu tatu. Safu moja ina mafungu manne: 11, 13, 17 na 19. Hizo ndizo namba tasa zote zilizopo kati ya 10 na 20.

Je, mtu yule wa Ishango alizijua namba tasa? Wataalamu wamebishana. Wapo waliosema ni hesabu ya siku za mwezi, na wapo wanaosema ilikuwa njia ya kuhesabu vitu tu. Mimi sitaamua kesi ambayo wenye elimu hawajaiamua. Lililo wazi ni kwamba karibu na ziwa letu mtu alikaa chini akahesabu kwa makini na kuandika hesabu yake. Mfupa wenyewe leo uko Brussels, katika jumba la makumbusho. Mtoto wetu anayesema hesabu ni mambo ya kuletwa na meli angeupita bila kujua umetoka wapi.

Tushuke na Mto Nile mpaka Misri. Katika mji wa Alexandria, yapata miaka 300 kabla ya Kristo, alifundisha Mgiriki aitwaye Euclid. Yeye aliuliza swali ambalo hata yule mama wa Makambako angelielewa. Je, namba tasa zina mwisho? Akajibu kuwa hazina, na sababu yake ni hii. Chukua namba tasa zote unazozijua. Tuseme unajua tatu tu, 2, 3 na 5. Zizidishe, unapata 30. Ongeza kimoja, unapata 31. Sasa panga viwili viwili, kimoja kinabaki. Panga vitatu vitatu, kimoja kinabaki. Panga vitano vitano, kimoja kinabaki. Hakuna namba katika orodha yako inayoweza kuigawa. Basi lazima ipo namba tasa nyingine ambayo hukuwa nayo. Pengine ni hiyo mpya yenyewe, kama hapa. Pengine mpya itagawanyika, lakini kwa namba tasa ngeni: ukizidisha 2, 3, 5, 7, 11 na 13 kisha ukaongeza kimoja unapata 30,031, ambayo ni 59 mara 509, na zote mbili hazikuwamo katika orodha. Fanya hivyo na orodha ndefu kiasi gani, daima kile kimoja kinachobaki kitakuletea nyingine.

Nilipokisoma tena kisa hicho nilimkumbuka yule mama. Hakusoma Euclid, lakini alilisema lilelile: kile kimoja kinachobaki ndicho mbegu.

Miaka kadhaa baada ya Euclid, mkuu wa maktaba ya mji uleule alikuwa Eratosthenes, mzaliwa wa Kirene, katika nchi tunayoiita leo Libya. Yeye alitoa njia ya kuzichekecha. Andika namba kuanzia 2. Bakiza 2, kisha futa kila ya pili baada yake. Bakiza 3, futa kila ya tatu. Bakiza 5, futa kila ya tano. Zinazobaki kwenye chekeche ndizo tasa. Njia hiyo inafaa kwa mamia na maelfu. Kwa namba kubwa sana, maisha ya mtu hayatoshi.

Hapo ndipo tunapokutana na mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, aliyeishi kati ya 1588 na 1648. Nitaeleza kazi yake kwa viazi. Siku ya kwanza weka kiazi 1, siku ya pili 2, ya tatu 4, ya nne 8, kila siku mara mbili ya jana. Jumla baada ya siku 2 ni viazi 3, namba tasa. Baada ya siku 3 ni 7, tasa. Baada ya siku 5 ni 31, tasa. Baada ya siku 7 ni 127, tasa. Mtu anaweza kudhani amegundua siri, kwamba siku zikiwa namba tasa basi na jumla itakuwa tasa. Sivyo. Siku 11 zinatoa 2,047, na hiyo inagawanyika. Nawaachia wasikilizaji waitafute kwa nini.

Namba hizi zina sifa nyingine iliyowafurahisha wahenga. Chukua jumla iliyo tasa, uizidishe kwa viazi vya siku ya mwisho. Siku ya pili, 3 mara 2 ni 6. Siku ya tatu, 7 mara 4 ni 28. Siku ya tano, 31 mara 16 ni 496. Namba hizo ziliitwa timilifu, kwa sababu kila moja ni sawa na jumla ya vigawo vyake vidogo. Sita inagawanyika kwa 1, 2 na 3, na 1 kujumlisha 2 kujumlisha 3 ni 6. Jaribu mwenyewe 28. Kila namba tasa ya Mersenne inakuja na timilifu yake, kama mtu na kivuli chake.

Mwaka 1644 Mersenne alichapisha orodha ya siku zinazotoa jumla iliyo tasa. Alitaja 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Orodha hiyo ilikuwa na makosa. Siku 67 na 257 hazikustahili kuwamo, na alizisahau 61, 89 na 107. Lakini ilichukua karibu miaka 300 kumaliza kuikagua, na katika kuikagua watu walijifunza mengi kuliko ambavyo wangejifunza kama angekaa kimya kwa kuogopa kukosea.

Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa amepofuka, alitangaza mwaka 1772 kwamba jumla ya siku 31 ni tasa. Ni namba 2,147,483,647. Msidhani namba hiyo imekufa na Euler. Kompyuta nyingi za zamani zinahesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, na namba hiyo ndiyo kikomo cha sehemu ya kuhifadhia hesabu hiyo. Zitakifikia kikomo tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu, na zile ambazo hazitakuwa zimerekebishwa zitapotea tarehe.

Mwaka 1876 Mfaransa Edouard Lucas alithibitisha kwamba jumla ya siku 127 ni tasa. Ni namba yenye tarakimu 39. Hakuigawa kwa kila namba, maana asingemaliza. Alibuni kipimo, ambacho Mmarekani Derrick Lehmer alikinyoosha katika miaka ya 1930. Tukipime kwa siku 5. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, unapata 14. Rudia, unapata 194. Rudia mara ya tatu, unapata 37,634. Gawanya kwa 31. Jibu ni 1,214 na hakibaki kitu. Basi 31 ni tasa. Siku 5 zinataka hatua 3, na siku 127 zinataka hatua 125. Kingebaki hata kimoja, namba ingekuwa imeshindwa.

Kwa njia hiyo Lucas alionyesha pia kwamba jumla ya siku 67, namba ya tarakimu 21, si tasa. Lakini kipimo kinasema tu kwamba inagawanyika, hakisemi inagawanyika kwa ngapi. Oktoba 1903, katika mkutano wa wanahisabati wa Marekani mjini New York, Frank Nelson Cole aliitwa kutoa mhadhara. Alikwenda ubaoni bila kusema neno. Akaikokotoa ile namba, 147,573,952,589,676,412,927. Kisha upande wa pili akaandika 193,707,721 mara 761,838,257,287, akazidisha kwa mkono mpaka mwisho. Majibu yakalingana. Akarudi kitini, bado hajasema neno, na watu wakapiga makofi. Inasimuliwa kwamba kazi hiyo ilimchukua Jumapili za miaka mitatu. Sisi watu wa redio tukikaa kimya kiasi hicho tunafukuzwa kazi.

Baadaye zikaja kompyuta. Mwaka 1952 Raphael Robinson alipata namba tano mpya za Mersenne kwa mashine iliyokuwa Los Angeles. Mwaka 1996 George Woltman wa Marekani alianzisha umoja wa watu wa kawaida ambao wanaziachia kompyuta zao zitafute namba hizi wakati hazina kazi nyingine. Na Oktoba 2024 umoja huo ulitangaza namba iliyokuwa kubwa kuliko namba tasa zote zilizojulikana wakati ule. Ukiweka kiazi 1, kisha 2, kisha 4, kwa muda wa siku 136,279,841, hiyo ndiyo jumla. Ilipatikana na Luke Durant, kijana wa Marekani aliyekodi chipu za aina ile inayochora picha za michezo ya kompyuta, katika nchi 17. Chipu iliyokuwa Dublin, Ireland, ndiyo iliyoikamata, na nyingine iliyokuwa Texas ikaithibitisha kwa kipimo kilekile cha Lucas, hatua zaidi ya milioni 136.

Namba hiyo ina tarakimu 41,024,320. Ya mwisho ni 1. Wewe unayesoma gazetini, jaalia kila ukurasa wa gazeti hili ubebe tarakimu 10,000, bila picha wala tangazo. Gazeti la kurasa 24 lingehitaji siku 171 kuimaliza. Na mimi nikiamua kuisoma redioni, tarakimu mbili kila sekunde, usiku na mchana, bila taarifa ya habari wala salamu, ningemaliza baada ya siku 237.

Ya nini sasa? Hilo ndilo swali alilokuwa ameniuliza yule binti wa Makambako kabla gari halijaja. Nilimuuliza kama anapenda hesabu kwa vile alivyoitambua 31 haraka. Akasema, "Hesabu nimeshawaachia wenyewe, baba. Ya nini kwangu? Mimi nitauza viazi." Bibi yake alinyamaza. Nikaona uso wake kwamba neno hilo halikumpendeza, ingawa viazi ndivyo vilivyomlisha mjukuu huyo.

Swali lake si geni. Kwa miaka zaidi ya 2,000 wanaozichunguza namba tasa waliulizwa hivyo, na hawakuwa na jibu ila kwamba wanapenda kujua. Mwaka 1940 G. H. Hardy, profesa wa Cambridge, alichapisha kitabu ambamo aliona hata fahari kwamba elimu hii haijapata kutumika vitani. Kwa maneno mengine, hata mabingwa wake walikubali kwamba mti huu hauna matunda.

Halafu mwaka 1977 wataalamu watatu wa chuo cha MIT cha Marekani, Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, wakatengeneza kufuli. Mwingereza Clifford Cocks alikuwa amefikia wazo hilohilo mwaka 1973, lakini alifanya kazi katika idara ya siri na halikutangazwa mpaka 1997. Kufuli lenyewe linasimama juu ya jambo moja dogo. Kuzidisha ni rahisi, kuchambua ni kazi. Mpe mtoto wako 89 mara 97, atakupa 8,633 mara moja. Sasa mpe mwenzake 8,633 umwambie atafute zilikotoka. Atatoa jasho. Cole alitoa jasho la miaka mitatu kwa tarakimu 21. Namba za makufuli ya siku hizi zina tarakimu zaidi ya 600, nazo zimetokana na namba tasa mbili zenye tarakimu 300 na kitu kila moja. Jumla ya kuzidisha anaweza kupewa kila mtu, akafunga nayo siri, mfano wa kufuli la kubana ambalo halihitaji ufunguo kulifunga. Kufungua anaweza yule tu anayezijua zile mbili.

Ile namba ya mwaka 2024 ni kubwa mno kwa kazi hiyo. Lakini elimu ya kuzitafuta na kuzipima ni ya ukoo mmoja. Nilipofika Njombe mjini nilikwenda kwenye mashine ya benki kuchukua fedha za kumpa shangazi. Kadi za benki zenye chipu zinatumia kufuli la namna hii. Mtu anapotuma siri zake za benki kwa njia ya intaneti, ile alama ndogo ya kufuli juu ya kioo inalindwa kwa njia hiyo au kwa njia jirani nayo, ambayo nayo inasimama juu ya namba tasa kubwa. Mwenye mbao wa Njombe na mnunuzi wake wa Dar es Salaam wanaaminiana kwa msaada wa Euclid, wala hawamjui.

Sasa nieleze kwa nini neno lile lilinichoma. Shangazi yangu aliolewa akiwa msichana, na baada ya miaka minne alirudishwa nyumbani kwa neno hilo moja. Tasa. Halikuandikwa popote, lakini lilimtangulia kila alikokwenda, kwenye harusi, kwenye misiba, hata kisimani. Alilima viazi, akauza, akatulea watoto wa kaka zake na dada zake tuliokosa wa kutulea. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye magunia yake. Tulikuwa saba. Usiku ule nimekaa naye motoni, tukila viazi vya kuchoma, ndipo nilipokumbuka kwamba hata saba ni namba tasa. Nikamweleza habari zote hizi, Ishango, Euclid, mpaka Durant. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo waliosoma nao wanakosea majina."

Sisemi tubadilishe kamusi. BAKITA wana kazi yao, nami nina yangu. Nasema tu kwamba tunatoa hukumu mapema mno. Tunaiangalia namba, somo, au mtu, tunaona haigawanyiki mafungu tunayoyataka leo, tunaiita tasa na kuiweka kando. Elimu ya namba hizi ilisubiri miaka zaidi ya 2,000 ndipo ikalinda fedha za watu. Laiti kila kizazi kingeuliza ya nini kisha kikaiacha, mwaka 1977 wale watatu wasingekuwa na kitu cha kuokota. Na kila mwaka tunapotangaziwa matokeo ya mitihani tukasikia Hisabati imeshika mkia, tujue kwamba katika hao walioanguka wamo wengi ambao hawakushindwa, ila waliaminishwa kwamba si yao.

Siku ya tatu nilirudi Makambako. Nilipokuwa naondoka siku ile nilikuwa nimemwachia yule binti swali, kwa utani tu, kama 2,047 ni tasa au la. Nilimkuta pale pale kando ya stendi. Hakunisalimia vizuri. Alitoa daftari chini ya kapu akanifungulia ukurasa uliojaa hesabu zilizokatwa katwa, alijaribu 3, 7, 11, 13, 17, 19, zote kimebaki kitu. Chini kabisa, kwa kalamu nyekundu, ameandika: 23 mara 89.

"Si tasa," akaniambia.

Bibi yake alikuwa anapanga mafungu. Bila kuinua kichwa akasema, "Mpe nyingine, mwanangu. Tena iwe ngumu."

Nikampa 8,633. Wewe msikilizaji umeshalisikia jibu lake, lakini yeye hakulisikia, kwa hiyo tafadhali usimwambie. Mpaka wiki ijayo, panapo majaliwa.